Meli Zisizojua Msiba

Agnesi, mjane wa Valentino, mwenye gesti pale Mikumi kandokando ya barabara kuu, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata kitubio hakikuuponya. Hakuweza kuingia chumba cha watu bila kukikagua kitanda. Akienda kumwona mgonjwa hospitalini, mkono wake ulifika kwenye shuka kabla haujafika kwenye paji la uso la mgonjwa. Padri alishamwambia, "Mama Nickson, hiyo ni dharau." Akakubali kwamba ni dharau, akapewa rozari ya kusali, akaisali yote kwa machozi, na Jumapili iliyofuata akapiga magoti mbele ya altare akaona kitambaa chake hakikupigwa pasi kwenye pindo.

Dharau hiyo aliipata kihalali. Mumewe, mtu wa Kimamba, alipoachana na mashamba ya mkonge alihamia Mikumi na mke mmoja na godoro moja. Godoro wakampa mgeni wa kwanza, wao wakalala mkekani. Gesti ikakua hivyo, chumba leo, chumba mwakani. Agnesi alichemsha shuka kwenye sufuria la ubwabwa wa harusi, akazianika juani mpaka foronya zinanuka jua. Valentino naye kila asubuhi alisimama mlangoni akimuuliza kila mgeni, "Umeamkaje?" Halafu alisubiri ajibiwe. Mgeni akisitasita, Valentino aliingia chumbani mwenyewe kumtafuta kunguni.

Walizaa watoto wawili. Nickson ndiye wa kwanza, alisoma mpaka masomo yakamchukua nchi ya baridi, akaoa huko msichana wa Kitanzania aitwaye Upendo, akakaa. Lightness, wa pili, alibaki kumsaidia mama yake gesti.

Valentino alipofariki, Nickson alikuja kumzika. Kuja alikuja, hilo hakuna wa kumnyima. Ila wenzake walipolala chini kwenye msiba kule Kimamba, yeye alikwenda kulala hoteli Morogoro kwa sababu ya mgongo, na kabla matanga hayajaanuliwa alikuwa ameshapanda ndege. Watu walinyamaza. Mtu mmoja tu hakunyamaza, naye ni Mwinshehe, jirani wa Kiislamu, mtani wa ukoo wa Valentino tangu enzi za mababu.

"Mtani wangu amezaa mtalii," alisema mbele ya waombolezaji wote. "Kaja kuona kaburi, kapiga picha, kaondoka."

Watu wakacheka, maana mtani msibani ana ruhusa. Agnesi naye alicheka, kisha akageukia ukutani.

Katika ukoo wa Valentino kaburi halijengewi mapema. Linaachwa la udongo, mvua zilinyeshee, litulie na lititie. Likishatitia ndipo linajengewa, na mwiko wa kwanza wa simenti anauweka mzaliwa wa kwanza, kwa mkono wake, akiwa amekaa chini. Fundi hagusi kabla ya hapo. Kaburi la Valentino lilikuwa limetitia. Msalaba wa mbao mchwa walishauanza kwa chini, umeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Agnesi alikuwa na ombi moja tu duniani: Nickson aje aweke mwiko ule.

Nickson hakukataa. Nickson hakuwa mtoto wa kukataa. Alisema, "Tutakuja, mama, lakini kwanza wewe njoo upumzike." Na kupumzika kwa akina Nickson maana yake meli.

Agnesi hakujua kama kuna watu wanapanda meli isiyokwenda popote. Aliyajua mabehewa ya Kimamba: mtu anapanda kwa sababu ana shida mahali. Hizi meli za anasa, alivyoelezwa, zinazunguka na kuwarudisha watu palepale walipopandia, wamenenepa. Nickson na Upendo walizizungumza kama watu wanaochagua mchumba. Kampuni hii vyumba vyake vizuri ila chakula cha kawaida. Ile chakula chake sifa tupu ila imejaa wazee. Nyingine imechangamka ila foleni. Agnesi alisikiliza akafikiri, ngoja nikavione hivyo vitanda.

Meli ya kwanza aliipa jina mwenyewe, Meli ya Kelele. Ilikuwa ndefu kama Kilosa mjini ukiisimamisha wima, na juu yake kuna mabwawa ya kuogelea, ndani ya bahari! Aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Chumba walichompa hakikuwa na dirisha. Ukutani palikuwa na pazia zuri. Akalifunua kwa furaha, akakuta ukuta.

"Hili pazia linamficha nani?" alimuuliza Upendo.

"Ni urembo tu, mama."

"Gesti yangu ingekuwa na chumba hiki, ningeweka ndoo na mifagio."

Kitanda alikikagua. Godoro zuri, hakuongopa. Shuka nyeupe, zimekazwa barabara. Lakini alipoinamisha pua kwenye foronya hakusikia kitu. Si jua, si sabuni, si mtu. Kila jioni mhudumu aliacha taulo juu ya kitanda, limekunjwa mfano wa mnyama. Jioni moja akakuta tembo. Upendo akaja mbio kumpiga picha naye.

"Mama, ona, tembo! Si mzuri jamani?"

"Mwanangu, tembo wenyewe wananivukia barabarani Mikumi, wanasimamisha mabasi. Nimevuka bahari nije nipigwe picha na taulo?"

Chakula cha meli hiyo kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu kuliko kanisa, kila mtu anajipakulia. Hapo ndipo Agnesi alipoona mambo. Aliona watu wazima, wenye mvi, wanapakua mlima, wanang'ata kidogo kwa juu, wanaacha, wanakwenda kupakua mlima mwingine. Sahani zilizojaa zinaondolewa zikamwagwe. Aliona maharage akafurahi kama aliyeona ndugu. Akaonja, yana sukari. Akaweka kijiko chini taratibu, akafanya ishara ya msalaba. Si kwa kushukuru.

Muziki ulipigwa kuanzia asubuhi mpaka mtu asijue asubuhi ni ipi. Jumapili akaulizia Misa. Akapelekwa kwenye ukumbi ambao usiku uliotangulia watu walicheza humo. Taa za rangi bado zinazunguka darini, hakuna aliyejua pa kuzizimia. Alisali Baba Yetu usoni kwake panageuka kijani, mara panageuka pinki. Baadaye alisema hajawahi kumwonea Mungu huruma, ila siku hiyo alikaribia.

Waliporudi, Nickson aliuliza, "Sasa mama, umepumzika?"

"Nimechoka kupumzika," Agnesi alijibu. "Tunakwenda lini Kimamba?"

"Mwakani, mama. Mwakani kuna kampuni nyingine, imetulia, utaipenda."

Mwaka uliofuata akapanda ya pili. Hiyo akaiita Meli ya Kimya. Chumba kilikuwa na dirisha, tena na kibaraza cha kukaa, na kitanda cha kulala familia nzima pamoja na wajukuu. Mito ilikuwa ya kuchagua, imeandikwa kwenye kadi kama vyakula. Agnesi akajiuliza mtu gani mzima hajui shingo yake inataka nini mpaka asomewe. Chakula kilikuja kwenye sahani kubwa kama ungo, katikati yake kitu kidogo kama kidonge, kimezungushiwa mchuzi kwa ncha ya kijiko. Mhudumu akasimama nyuma yake mikono mgongoni, anangoja asifiwe.

"Hiki ni cha kuonja?" Agnesi alinong'ona.

"Ndicho chakula chenyewe, mama," Nickson alisema. "Hapa ndiyo daraja la juu."

"Valentino angekula na sahani yake."

Lakini si chumba wala kidonge kilichomshinda kwenye Meli ya Kimya. Ni salamu. Watu walikutana kwenye korido wakapishana kama miti. Kwenye lifti wote walitazama namba juu ya mlango, kana kwamba hapo zitasomwa habari. Agnesi alisalimia kila asubuhi, kwa Kiswahili, kwa kuwa salamu ni salamu. Wengine waliruka kama wameguswa. Mmoja tu ndiye aliyeitikia: mzee wa chumba kilichotazamana na chake, mrefu, anayetembea ameshikana mkono na mkewe kibibi. Agnesi akisema "Shikamoo," maana mzee alimzidi umri kwa mbali, yeye alivua kofia na kuinama. Marahaba hakuijua, lakini aliinama vizuri kuliko wengi wanaoijua.

Asubuhi moja mzee hakutokea. Agnesi alifungua mlango wake akakuta wafanyakazi wawili wanasukuma kitoroli kimefunikwa kitambaa cheupe cha meza. Aliyezoea gesti na misiba haambiwi kilicho chini ya kitambaa. Mlango wa chumba cha mzee ukafungwa. Nyuma ya mlango ule alibaki kibibi peke yake.

Agnesi hakufikiri. Angefikiri nini? Alirudi ndani, akavua viatu, akajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akatoka, akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kando ya mlango wa wafiwa. Akatoa rozari. Ndivyo mtu anavyofanya palipofiwa. Hata kama humjui marehemu jina, unakwenda unakaa chini.

Watu wakaanza kupita. Mmoja akamruka miguu. Mwingine akarudi alikotoka. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo na kibibi akachungulia. Akamtazama Agnesi pale chini, kanga, rozari na miguu. Hawakuwa na neno hata moja la kushirikiana. Kibibi akashika fremu ya mlango, akajishusha polepole, magoti yakimlia, akakaa karibu yake. Halafu akalia. Agnesi akamshika mkono, akaendelea na Salamu Maria.

Meneja akaja na tabasamu. Akaleta viti. Hawakuvitaka. Akatoa ofa ya chumba maalumu chenye chai. Hawakutaka. Tabasamu likabaki palepale, lakini mwenyewe akaenda kumtafuta Nickson.

Nickson alikuja mbio na taulo shingoni, anadondosha maji ya bwawa.

"Mama, inuka. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Msiba haufichwi."

"Wanasema abiria wengine wanakosa raha. Wamelipia raha, mama."

"Na huyu kalipia nini?"

Nickson akamwangalia kibibi, akaangalia pembeni. "Huku hawafanyi hivi."

"Huku wanafanyaje?"

"Wanamwacha mtu apumzike."

"Apumzike na nani?" Agnesi aliuliza. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mama, tafadhali. Unanitia aibu."

Neno hilo lilimwingia Agnesi mahali ambapo hata kifo cha Valentino hakikufika. Aliinuka. Si kwa sababu ya meneja. Ni kwa sababu mwanawe alikuwa amemtazama kama wale wa kwenye lifti. Jioni ile ile wakacheza dansi juu, kwa muziki laini wa daraja la juu. Pale Mikumi hata baa inapunguza spika mtaa ukipata msiba, na mwenye baa hasali popote. Bandari iliyofuata kibibi alishuka na masanduku yake na jeneza la mumewe, hakuna ndugu wa kumsindikiza. Agnesi alimfikisha mwisho wa ngazi, walipomruhusu. Aliporudi juu alikuta mlango wa chumba kile uko wazi na mhudumu anatandika upya, anakaza shuka, anakunja taulo liwe ndege.

Baada ya hapo Agnesi hakupanda meli tena. Alirudi Mikumi, na watu walipomuuliza habari za huko alijibu kwa upole, "Kuna maji mengi."

Mwaka huu wazee wa ukoo walipanga siku: kaburi la Valentino lijengewe wiki ya Krismasi, kabla mvua hazijalimaliza. Mzee Anselmi, mdogo wake Valentino, alisisitiza kwamba mzaliwa wa kwanza awepo. Agnesi akampigia Nickson simu ya picha akiwa barazani pa gesti. Lightness alikuwa anaanika shuka, na Mwinshehe alikuwa amekuja kunywa chai ya bure kama kawaida yake.

"Mama! Bahati nzuri umepiga," Nickson alisema kabla ya Agnesi kufungua mdomo. "Nipo na Upendo hapa tunachagua ya Krismasi. Kuna kampuni ya tatu, ipo katikati, si kelele si kimya. Wewe umeshapanda zile mbili, tusaidie. Kwa chumba, kwa chakula, kwa hali ya watu, ipi ilikuwa afadhali?"

Mwinshehe akaweka kikombe chini. "Jibu, mtani. Umeulizwa mtihani."

Agnesi aliisogeza simu karibu na uso. Alikuwa ameomba novena nzima ya siku tisa apate maneno ya kumwomba mwanawe, na sasa ameulizwa habari za godoro.

"Nisikilize basi, baba," alisema. "Ya kwanza chumba chake ni stoo yenye pazia. Chakula chake kinapikwa ili kitupwe. Watu wake wanapiga kelele ili wasisikie. Ya pili kitanda chake kikubwa kwa sababu mtu analala peke yake hata akiwa na mwenzake. Chakula chake kinatazamwa. Watu wake wakifa wanafunikwa kitambaa cha meza. Umeniuliza ipi afadhali. Mimi gesti yangu ingekuwa kama mojawapo, baba yako angeifunga kwa mkono wake, akaenda kuomba radhi kwa wageni nyumba kwa nyumba."

Mwinshehe alipaliwa na chai.

"Baba yako kaburi limetitia, Nickson. Siku imepangwa. Njoo uweke mwiko."

"Mama, tumeshalipia," Nickson alisema kwa sauti ndogo. "Nitatuma simenti, nitatuma marumaru, fundi mnayemtaka. Nitatuma kila kitu."

"Tuma mkono," alisema Mwinshehe.

Nickson akakata simu. Lightness alimaliza kubana shuka ya mwisho. "Hatakuja, mama."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa kanawe mikono uje tupike."

Siku ilipofika walikwenda Kimamba kwa gari la Noah, wamepakia sufuria, mchele, maharage yasiyo na sukari, na shuka za kulalia wageni. Ukoo ulikusanyika. Simenti imeshakorogwa, fundi amesimama na mikono kiunoni. Mzee Anselmi akatazama kushoto na kulia.

"Mzaliwa wa kwanza yuko wapi?"

Mwinshehe mwenyewe, mwenye haki ya kutukana, alitazama kanzu yake. Hapo simu ikalia mfukoni kwa Lightness. Ni Nickson, yuko melini. Uso wake ukatokea na nyuma yake muziki, taa na watu waliovaa kofia nyekundu za Krismasi.

"Shikamoo, mama. Mmeshaanza?"

"Nickson," Agnesi alisema, "hapa ni msibani. Punguza huo muziki."

"Siwezi kuupunguza, mama, ni wa meli."

"Basi usituletee."

Lightness alitaka kukata, lakini picha ikaanza kuyumba. Nickson alikuwa anatembea. Muziki ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, mlango ukasikika unajifunga. Wakaona korido ndefu yenye kapeti na milango pande zote, mmoja hautofautiani na mwingine. Kisha picha ikashuka ghafla, na watu wa Kimamba wakaona magoti ya Nickson, na ukuta nyuma ya kichwa chake. Amekaa chini. Viatu amevua, ameviweka kando yake.

Mtu akapita akamruka miguu. Nickson hakuondoa miguu.

"Endeleeni," alisema. "Nipo."

Mzee Anselmi akasogeza macho kwenye simu. "Huyu yuko wapi?"

"Yuko chini," Agnesi alijibu. "Amekaa."

"Kukaa amekaa, lakini mwiko hauwekwi kwa simu," alisema Mzee Anselmi.

"Mwiko anaweka Lightness."

"Ni wa pili, shemeji. Haijawahi kuwa."

"Ni wa kwanza kati ya waliokuja."

Mzee Anselmi alimtazama fundi, fundi akatazama simenti inayoanza kukauka. Mwinshehe akaingilia. "Mkitaka wa kwanza, ngojeni meli itie nanga Kimamba. Mkitaka kaburi, mpeni binti mwiko." Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamaliza mjadala.

Lightness akampa mama yake simu, akakaa chini kwenye udongo wa baba yake, akachota simenti kwa mkono wa kulia, akaibandika kichwani mwa kaburi, akailaza vizuri. Agnesi alishika simu ikitazama kaburi, si uso wake, ili kijana aone. Kutoka ndani ya simu ikasikika sauti ya mwanaume mzima anayelia kwa kujizuia, na mbali kabisa, nyuma ya mlango, ngoma ya watu waliolipia raha.

Sala zilipokwisha Agnesi aliigeuza simu kwake.

"Umeamkaje, baba?" alimuuliza, na akasubiri ajibiwe.

Nickson aliitikia kwa kichwa.

"Vizuri, mwanangu. Umekaa chini, nimekuona." Kisha, kwa kuwa dharau ile haikuwahi kupona, akaongeza, "Ila hilo kapeti ni laini mno. Mwakani uje ukae kwenye udongo."